Hukumu ya Matata: mwizi wa mbuzi ana siku 10, Waziri Mkuu hana hata moja

Katika Maniema ni rahisi kuisoma hukumu ya Augustin Matata Ponyo kwa jicho la nyumbani. Wa Kasongo anasema mtoto wetu ameonewa. Wa Kabambare anamjibu: alikuwa Waziri Mkuu toka 2012 hadi 2016, barabara yetu iko wapi? Wote wawili wanaacha pembeni jambo litakalowafikia wao wenyewe.

Tarehe 20 Mei 2025, Korti ya Katiba ilimpa miaka 10 ya kazi za kulazimishwa kwa kutorosha pesa za shamba kubwa la Bukanga-Lonzo. Shamba hilo lilizinduliwa mwaka 2014, hekta 80.000, ili nchi ipate mahindi yake yenyewe. Mradi ulikufa na pesa za serikali, zaidi ya dola milioni 200, zikaenda nao. Matata amekana siku zote. Lakini mama anayesukuma kinga yenye gunia la mchele kwenda soko la Kasongo ana haki ya kudai mtu ajibu, hata kama mtu huyo ni wa kwao.

Ajibu, ndiyo. Tatizo ni namna alivyojibishwa.

Mwaka 2021 Korti hiyo hiyo ilisema haina uwezo wa kumhukumu Waziri Mkuu aliyekwisha kuacha kazi. Mwaka 2022 ikasema uwezo inao. Katiba haikubadilika hata nukta moja kati ya hapo. Waliobadilika ni baadhi ya majaji. Halafu Matata akawa mbunge wa taifa. Kifungu cha 107 kinakataza kumfuatilia mbunge wakati wa kikao bila ruhusa ya Bunge, isipokuwa amekamatwa papo hapo. Vital Kamerhe, aliyekuwa rais wa Bunge, aliikumbusha Korti. Korti ikaendelea.

Kuna linalouma zaidi. Kifungu cha 21 kinamhakikishia kila mtu haki ya kukata rufaa. Cha 61 kinasema haki hiyo haiondolewi hata nchi ikiwa katika hali ya hatari, yaani hata katika miezi hii ya vita. Kisha kifungu cha 168 kinasema maamuzi ya Korti ya Katiba hayana rufaa. Kwa mabishano ya uchaguzi inaeleweka, lazima mahali fulani mambo yaishe. Kwa mtu anayefungwa miaka 10 haieleweki. Matata amehukumiwa mara moja tu, na majaji ambao hakuna aliye juu yao.

Linganisha na kijana wa Kabambare aliyehukumiwa kwa wizi wa mbuzi. Sheria inampa siku 10 za kukata rufaa, na majaji wengine wataifungua faili yake upya. Haki hiyo ina kilema chake, kila mtu anajua: siku za mvua 10 zinaweza kuishia njiani, kwenye matope, kabla ndugu zake hawajapata pesa ya pikipiki wala avoka. Hata hivyo ipo kwenye karatasi, na avoka mzuri anaweza kuisimamia. Siku Korti kubwa kuliko zote ikizoeza nchi kwamba hukumu moja inatosha, na kwamba ruhusa ya Bunge ni ya mapambo, nani atamsikiliza avoka huyo?

Tangu Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alipotangaza akiwa Kisangani kwamba Katiba itapitiwa upya, mabishano karibu yote ni ya mihula. Wabunge wa Kasongo na Kabambare wana jambo jingine la kubeba Kinshasa, tena lisilomnyima mtu haki yoyote: kesi za Rais na za Waziri Mkuu zianzie kwa majaji wachache wa Korti ya Katiba, na rufaa isikilizwe na wale ambao hawakukaa kwenye kesi ya kwanza. Majaji wenyewe ni 9. Hesabu inawezekana, au idadi yao iongezwe.