Lenzi kubwa haioneshi mhami vizuri zaidi

Leo tusemezane ukweli, hasa sisi tunaobeba kamera.

Hapa Goma kijana akijifunza video wiki mbili tu, tayari analia: "Bila ile lenzi kubwa siwezi kufanya kazi." Anakopa, anauza simu, ili apate lenzi ya 70-200 ya f/2.8. Baadhi ya zile za Canon zina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na hata zilizokwisha kutumika huuzwa mamia ya dola. Mimi nasema huko ni kupoteza pesa, na mara nyingine ni kuwakosea watu heshima.

Tuanze na kazi yenyewe. Wakati kambi ya Bulengo ilikuwa imejaa, mahojiano mengi nilifanyia ndani ya hema. Umeme hakuna, chini ni mawe meusi ya volkeno, na mama anayenieleza namna alivyokimbia ameketi mita moja na nusu mbele yangu. Hapo 70-200 inaonesha uso mtupu. Watoto, sufuria, godoro, vyote vimepotea, na nafasi ya kurudi nyuma haipo.

Ile lenzi ndogo ya 18-55 inayouzwa pamoja na kamera, ambayo vijana wanaidharau, ndiyo inayofaa hapo. Kwenye 18 unaonesha hema nzima, na nyingi zina kitulizaji cha mtikisiko wa mkono. Kasoro yake ni giza. Basi ongeza moja tu: 50mm ya f/1.8. Ya Canon, iliyotoka mwaka 2015, ilianza kuuzwa dola 125 kule Marekani, na haifiki gramu 200. Mwanga inaoupokea ni karibu mara kumi ya ule wa 18-55 ikivutwa hadi mwisho, kwenye f/5.6. Jioni, mlangoni pa hema, tofauti hiyo ndiyo inakupa uso au kivuli. Lakini haina kitulizaji, kwa hiyo weka kamera juu ya mguu wake au juu ya jiwe.

Ukinunua iliyotumika, washa tochi ya simu na uangalie ndani. Ukiona nyuzi nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu. Irudishe.

Wengine watanijibu: lenzi ndefu inapiga watu bila kuwasumbua. Hapo ndipo ninapokataa kabisa! Nimeona wapiga picha wakibaki kando ya gari, wakivuta uso wa mama aliye kwenye mstari wa maji, bila hata kumwamkia. Mama huyo hakuombwa ruhusa. Pengine amekimbia watu ambao hataki wajue aliko. Video ikizunguka kwenye simu, nani atamlinda? Lenzi fupi inakulazimisha kusogea, kusema "jambo mama", kueleza wewe ni nani na video itaenda wapi. Akikataa, unazima kamera. Akikubali sauti tu, piga mikono yake. Usitegemee kumfifisha uso, maana majirani watamtambua kwa kitenge chake na sauti yake.

Sikatai, lenzi ndefu ina kazi yake: mpira uwanjani, mitumbwi ziwani, moshi wa Nyiragongo. Siku ya kazi hiyo, azima kwa mwenzako.

Pesa iliyobaki, nunua mikrofoni. Mimi ni mtu wa radio, najua: picha yenye giza mtu atavumilia, lakini asiposikia maneno atazima. Kisha weka nauli ya moto kando, urudi kuwaonesha uliowapiga video ile kazi yao.

Nanyi ndugu zetu wahami, mkiona kamera imewaelekea toka mbali, mna haki ya kuuliza: "Wewe ni nani, na umeomba kwa nani?" Asiyeweza kujibu, mwambieni aondoe kamera.