Pombe na Sigara ni Chanda na Pete

Mtu anayevuta sigara mbili au tatu kwa siku, akiketi mbele ya chupa ya pombe huweza kumaliza pakiti nzima kabla ya usiku kupevuka. Jambo hili hushuhudiwa kila mahali nchini, ila ni wachache wanaojiuliza kiini chake. Wengi wetu huliita ukaidi, tukaishia kukemea. Maoni yangu ni kwamba kukemea bila kueleza hakumwokoi kijana yeyote, na kwamba shule hukosea zinapofunza madhara ya pombe muhula huu na ya tumbaku muhula ujao, kana kwamba ni maadui wawili wasiojuana.

Hebu tutazame yanayotendeka mwilini. Pombe huuzubaisha ubongo na kuleta usingizi, ilhali nikotini iliyomo katika tumbaku huusisimua. Mnywaji anapoanza kusinzia, sigara humzindua, naye akajiona yu timamu na kuagiza chupa nyingine, hali ulevi wake haujapungua hata chembe. Isitoshe, pombe na nikotini zote huuchochea ubongo kutoa dopamini, kemikali inayomsukuma mtu kurudia jambo lililompa raha. Hivyo basi, kila moja huikoleza hamu ya nyingine.

Sababu ya pili ni mazoea. Mwanasayansi Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha kwamba mbwa aliyezoeshwa kusikia ishara fulani kabla ya kulishwa hudondokwa na mate aisikiapo ishara hiyo, hata chakula kisipokuwapo. Binadamu naye hana tofauti kubwa. Chupa ikifunguliwa tu, vidole vya mvutaji huanza kutafuta kiberiti. Zaidi ya hayo, pombe hudhoofisha uwezo wa kujizuia. Ndiyo maana aliyeapa Jumatatu kuacha sigara huvunja kiapo chake Jumamosi usiku, bilauri ikiwa mkononi.

Madhara yake ni mazito. Pombe na tumbaku, kila moja kivyake, husababisha saratani ya kinywa, koo na umio. Zikitumiwa pamoja, hatari yake hupita jumla ya hatari hizo mbili, kwa kuwa pombe huzirahisishia sumu za moshi njia ya kupenya utando wa kinywa na koo. Saratani ya umio si ngeni kwetu. Ni miongoni mwa zile zinazowaua Wakenya wengi.

Yamkini msomaji atasema kwamba sheria zipo. Naam, zipo. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 na ile ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 zinakataza kuwauzia walio chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, askari hawezi kusimama katika kila kibanda, wala hayupo katika karamu za likizoni ambako vijana wengi huonjeshwa vyote viwili siku moja.

Katika miaka yangu ya ualimu, nimeona wanafunzi wakirudishwa nyumbani kwa kupatikana na sigara bila yeyote kuwauliza walianzia wapi na pamoja na nini. Adhabu ya namna hiyo hukata tawi na kuuacha mzizi. Mwalimu wa Biolojia na yule wa ushauri nasaha wanapaswa kulifunza somo hili kwa pamoja, na mwanafunzi aliyenaswa na kimoja aulizwe kuhusu cha pili kwa nia ya kumsaidia.

Nawe mwanafunzi, ukitaka kuacha kimoja, usikibakize kingine kwa kisingizio cha kupunguza polepole. Atakayekibakiza ataitwa nacho kurudi alikotoka. Na ambaye hajaonja chochote ashukuru, kwani hana pingu za kufunguliwa.