Akiba ya Kompyuta Huoza

Wahenga walisema akiba haiozi. Mimi, baada ya miaka mitatu ya maabara hapa Guangzhou, nakuja na ubishi: akiba ya kompyuta huoza, tena haraka kuliko dagaa wabichi.

Sikilizeni mkasa wangu. Maabara yetu, huku kisiwani Xiaoguwei kwenye mji wa vyuo, inaweka data zote kwenye seva moja. Kila nikiendesha hesabu zangu za mtetemo wa madaraja, kompyuta inavuta mafaili yale yale upya. Nikajifanya mjanja, nikakopi folda nzima kwenye diski yangu. Kasi ikawa raha tupu! Kumbe mwenzangu alishasahihisha vipimo kwenye seva, mimi nikaendelea kukokotoa vya zamani wiki tatu nzima. Profesa alipouliza mbona majibu hayafanani, nilitamani ardhi inimeze.

Kosa langu halikuwa kuweka nakala karibu. Kosa ni kuweka nakala isiyouliza kama imepitwa na wakati. Wataalamu wa chuo cha Carnegie Mellon waliliona hili tangu miaka ya 1980 walipotengeneza mfumo wa AFS: kompyuta yako inatunza faili, na seva inaahidi kukuarifu likibadilika.

Linux nayo ilipata FS-Cache mwezi Juni 2009. Unaunganisha folda ya seva kwa NFS ukiongeza neno fsc, halafu programu ya cachefilesd inasimamia akiba ya ulichosoma kwenye diski yako. Ukifungua faili tena, seva inaulizwa kwanza kama limebadilika. Nafasi kwenye diski ikishuka chini ya asilimia 7, yanafutwa yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa mpaka nafasi irudi asilimia 10. Ikishuka chini ya asilimia 3, hakiongezwi kitu. Namba hizo unaweza kuzibadili. Ila tusidanganyane: kusoma mara ya kwanza hakuna nafuu, na seva isipopatikana, kazi inasimama.

Hapo ndipo nawaza nyumbani. Julai 2009, mwezi mmoja tu baada ya hiyo FS-Cache, mkongo wa SEACOM uliwashwa Afrika Mashariki, tukashangilia kupungukiwa na karaha za satelaiti. Tukaamini bomba nene linatosha. Tarehe 12 Mei 2024, SEACOM na EASSy zikakatika karibu na Afrika Kusini. Mdogo wangu anasoma Dar es Salaam. Aliniambia wiki ile walikaa darasani wakitazama ukuta mweupe, maana notsi za mwalimu wao, zilizoandikwa ofisi ya jirani tu, zilikuwa zimehifadhiwa ng'ambo. Jamani! Notsi zivuke bahari mbili ili zifike mlango wa pili?

Najua wapo watakaosema seva ya chuo inakufa kwa vumbi na umeme wa mgao. Kweli kabisa, nimeziona. Lakini nyingi zinakufa kwa kukosa mwenyewe. Akiba inataka mtu wa kuangalia diski imejaa kiasi gani, nini kifutwe, na nakala ipi ndiyo ya kweli. Mfumo wa Coda, mdogo wake AFS, ulimruhusu mtumiaji aorodheshe mapema mafaili ya kubaki nayo mtandao ukikatika. Orodha hiyo inaandikwa na binadamu anayejua darasa linahitaji nini kesho.

Kwa hiyo ombi langu kwenu, hasa sisi wa uhandisi na kompyuta. Ukienda likizo, pita chuo ulichosoma. Uliza mafaili ya masomo yanakaa wapi, na ni nani anayeyatunza. Kama hakuna mtu, mfundishe mmoja kabla hujapanda ndege. Zawadi hiyo haina uzito kwenye begi.

Naomba kutoa hoja.