UKUTA WA KATI SI WAKO PEKE YAKO



Ndugu zangu, naulizwa sana na vijana wenye fleti ndani ya nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Unguja: "Ustadh, nataka kuvunja ukuta wa kati, jiko na ukumbi viwe kitu kimoja kama tunavyoona kwenye simu. Kuna ubaya?"

Kupenda nafasi si ubaya. (Nani atakaanga samaki mbele ya wageni sijui, hilo shauri yako na mkeo.) Tatizo ni ule ukuta. Nyumba zile ni za mawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ni fupi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Juu ya ukuta wa kati ndipo zinapolala boriti za huku na za kule. Ukiutoa, umeiacha sakafu ya mama wa watu anayeishi juu yako ikining'inia.

Mafakihi walilizungumza hili zamani. Kwa Imamu Abu Hanifa, mwenye chumba cha chini hapigi hata kigingi ukutani bila ridhaa ya mwenye cha juu. Wanafunzi wake, Abu Yusuf na Muhammad, wakalegeza: afanye lisilomdhuru. Najua mtaniandikia kwamba sisi ni Mashafii. Sawa, nionesheni Mshafii aliyehalalisha kumwangusha jirani.

Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea. Watu wawili walifariki.

"Fundi kasema hakuna neno." Fundi hatolala pale! Tafuta mhandisi anayezijua nyumba za chokaa, omba kibali Mamlaka ya Mji Mkongwe, kisha panda ngazi ukazungumze na jirani. Pengine utakuta zipo kuta za juzijuzi, za mbao au matofali membamba, zilizowekwa nyumba ilipogawanywa. Hizo mhandisi akikuruhusu, toa, upate mwanga wako. Ule mnene uache.

Na aliyekwisha kuvunja? Amwambie jirani leo, si kesho. Amlete mhandisi, boriti ziegemezwe nguzo za muda, na gharama ya kuurudisha ukuta ni juu yake, hata kama jiko limeshapendeza.

Wallaahu a'lam.