Anayekutaka Kazini Atakutolea Kibali



Juzi bibi harusi mmoja ninayemshonea alinipigia simu kutoka Dubai. Kaenda kwa viza ya matembezi, amwone dada yake na anunue vitu vya harusi. Mwenye saluni moja kapenda anavyochora hina, kampa kazi papo hapo. "Anza kesho, kibali tutafanya baadaye." Na jamaa zake wote wanamwambia: usikatae riziki.

Mimi nikamwambia, mwanangu, hayo bado ni maneno. Riziki yenyewe haijafika.

Tuulizane. Mwanamume akija akakwambia, "Hamia kwangu kwanza, posa na ndoa tutazifanya baadaye," mama yako atasemaje? Atamfukuza mlangoni. Basi kwa nini mwajiri akisema maneno yale yale tunaitikia mashaAllah?

Viza ya matembezi ni ya kutembea. Sheria ya Falme za Kiarabu hairuhusu kufanya kazi bila kibali, hata siku moja. Tangu mwaka 2024 mwajiri anayemtumikisha mtu bila kibali anatozwa faini kuanzia dirham 100,000 mpaka milioni 1. Yeye ana duka, atalipa. Wewe unaweza kutozwa faini na kurudishwa nyumbani, na mlango wa kurudi tena ukafungwa. Na viza ikikuishia, kila siku unayozidisha ni dirham 50.

Njia ya halali ipo, wala si ya siri. Mwajiri anakupa barua ya ajira iliyopita wizara ya kazi ya huko, imeandikwa mshahara na masharti. Unaisoma, unasaini. Kisha yeye ndiye anayeomba kibali. Kikitoka, unabadilishwa kutoka mgeni kuwa mfanyakazi, ama ukiwa hapo hapo, ama kwa kutoka na kuingia upya. Unapimwa afya, unapata kitambulisho cha ukaazi. Kabla ya kibali kutoka, usishike hata sindano.

Na gharama? Ni zake. Sheria inamkataza kukutoza pesa za kukuajiri, wala kukukata kwenye mshahara kidogo kidogo. Mahari halipi bibi harusi! Akikwambia "nipe pesa nikushughulikie", au akitaka akuwekee pasipoti yako, chukua mkoba wako uondoke.

Nasema kwa sababu yamenipita. Nilikwenda Deira kununua vitambaa, mwenye duka la mabuibui akaona mshono wa buibui nililovaa mwenyewe, akanipa kazi. Nikamwomba barua na kibali. Akanuna, akatafuta mwengine. Fundi mwenzangu aliyekubali alishona miezi mitatu, akalipwa mmoja. Angekwenda kushitaki vipi, na yeye mwenyewe anafanya kazi kinyume cha sheria? Alirudi Unguja na begi la nguo na deni la tiketi.

Najua wapo watakaosema, mbona fulani alianza hivyo hivyo na leo ana kibali? Wapo. Na wapo waliovuka bahari kwa ngalawa mbovu wakafika. Utampandisha mwanao?

Wengine watanikumbusha kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kweli, lakini kuinama si kulala chini ukanyagwe.

Dini yetu nayo imeshasema. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Jasho lako ni deni juu ya mwajiri. Kwa nini liachwe hewani bila karatasi? Na viza uliyoombea ni ahadi uliyoitoa. Muislamu hutimiza ahadi.

Kwa hivyo ukipewa kazi ukiwa matembezini, shukuru, kisha sema: "Niandikie, nitolee kibali, nitaanza." Barua ihakikishe wizarani, na ukiwa na shaka, ubalozi wetu mdogo upo hapo hapo Dubai. Anayekutaka kweli atangoja. Asiyeweza kungoja alitaka mikono yako ya bure.

Bibi harusi wangu amerudi kumalizia kupima gauni. Barua anaingojea akiwa nyumbani kwa mama yake. InshaAllah ikija, tutaisoma pamoja.