Nani Aliwaambia Mjaze Rili kwa Breidi?

Ukitafuta kwenye simu namna ya kujaza uzi kwenye rili ya kuvulia samaki, usishangae kama maelezo utakayosoma yameandikwa na mtu wa bedsitter hapa Nakuru, Section 58 ama Free Area, anayelipwa kwa neno. Mimi ni mmoja wao. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu hapo nimewaandikia watu wa ng'ambo kuhusu chakula cha paka, magodoro, na ndiyo, rili. Sijutii, kodi inalipwa. Lakini najua ile supu inavyopikwa. Aliyeniagiza makala ya uzi alitaka kitu kimoja tu: msomaji akimaliza kusoma, anunue uzi mwingi. Na huyo msomaji tuliambiwa yuko Florida, ana mashua na friji ya bia ndani yake. Hakuna aliyemuwaza kijana wa Karagita aliyesimama kwenye matope ya Ziwa Naivasha na fimbo ya mtumba.

Sasa kijana huyo ndiye anayesoma ule ushauri kwa bando ya shilingi ishirini, na anaambiwa ajaze rili nzima kwa breidi. Namwambia asijaze.

Sina ugomvi na breidi yenyewe. Ni uzi uliosukwa, nyuzi nne au nane pamoja, kama msusi anavyosuka nywele. Mwembamba lakini hodari: wa unene wa nusu tu ya nailoni unaweza kubeba mzigo uleule. Haunyumbuki, kwa hivyo samaki akigusa chambo unasikia kidoleni. Kwa kapi, yule samaki mnene mwenye masharubu anayekimbilia gugu maji akishanaswa, huo ni uzi wa maana. Ugomvi wangu ni wa hesabu.

Chukua rili ya kawaida iliyoandikwa kwamba bobini yake inabeba mita 200 za nailoni ya milimita 0.30. Wewe umenunua breidi ya milimita 0.15. Wengi wanadhani unene ukiwa nusu, zitaingia mita 400. Hapana. Unene ukipungua kwa nusu, nafasi inayochukuliwa na kila mita inapungua hadi robo. Bobini hiyo itameza karibu mita 800. Sema mita 100 ni shilingi 900 (mimi nakadiria tu, maduka yana bei zake): hiyo ni shilingi 7,200 ya uzi, kwenye rili ambayo pengine ilinunuliwa elfu mbili. Na mita 700 za hizo hazitawahi kuona maji! Kapi akishakuvuta mita 100 kutoka ukingoni pale Naivasha, tayari yuko ndani ya magugu na mazungumzo yenu yamekwisha.

Basi weka mita 100 au 120 tu za breidi, na chini yake nailoni. Mita 120 za breidi hiyo zinachukua nafasi ya mita 30 za ile nailoni, kwa hivyo zinazobaki kujazwa ni kama 170. Kama hesabu inakuchosha, anza kinyume: zungusha breidi kwanza kwenye bobini tupu, unganisha nailoni juu yake, jaza hadi ibaki kama milimita mbili kufika ukingo, kata. Halafu hamisha yote kwenye chupa, kutoka hapo kwenye chupa ya pili ili mpangilio ugeuke, kisha rudisha kwenye bobini. Breidi itakuja juu, na umepima bila rula. Inachukua jioni moja na mtu wa kukushikia chupa.

Kuna wanaosema afadhali kuacha bobini nusu tupu kuliko kuweka "uzi wa bei rahisi" chini. Hao wajaribu kurusha. Uzi ukiwa umezama ndani ya bobini, kila mzunguko unakwaruza ukingo ukitoka, na chambo kinaanguka karibu na miguu yako. Kwa mvuvi wa ukingoni, ambaye hawezi kusogea mbele kwa sababu mbele kuna kiboko, hizo mita alizopoteza ndizo chakula cha jioni.

Wengine wanafunga breidi moja kwa moja kwenye chuma. Breidi ni telezi. Samaki akivuta, uzi wote unazunguka juu ya bobini kama tairi kwenye tope la Njoro, na mtu anakaza breki hadi mwisho akiapa kwamba rili imekufa. Nailoni inashika chuma. Tepu nyeusi ya fundi wa umeme pia inashika, nakubali, lakini tepu haijazi nafasi.

Nikilisema hili dukani mjini, muuzaji ananiangalia kama nimeomba maji ya bure. "Boss, nailoni ni ya watoto." Nailoni ni ya watoto kwa nani? Huko Watamu, wanakofukuza sulisuli, kuna rili kubwa ambazo breidi iko chini na nailoni juu. Huko samaki anaondoka na mamia ya mita, kwa hivyo breidi inaingia chini kwa sababu inabana nafasi, na nailoni inakaa juu kwa sababu inanyumbuka. Uzi wa chini unachaguliwa kwa kumtazama samaki na maji yake. Hii dharau ya nailoni ilikuja Naivasha na uvuvi wa starehe, ule wa samaki wa Kimarekani walioletwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Kapi alijitokeza mwanzoni mwa miaka ya 2000, na amejaza ndoo nyingi Karagita. Hajali uzi wako ni wa klabu gani.

Lakini wanaookota takataka yoyote na kuizungusha chini siwatetei. Kamba ya pamba inakaa na maji na kuoza. Nailoni iliyopauka kwa jua inakatika siku ile moja samaki mkubwa anapoifikia. Ivute kwa mkono kwanza, mita kwa mita. Ikikatika kirahisi, kata hadi ufike palipo pazima. Izungushe kwa kuibana na kitambaa chenye maji, la sivyo breidi itazama ndani yake.

Na hiyo nailoni nzima uliyoibandua mwaka jana, ile mnayoacha ukingoni ikiwafunga ndege miguu, nendeni mkaiokote. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku 2017 na tukajisifu. Mita 170 za uzi wa chini ziko palepale kwenye matope, bure.