Bolti ya Krenki na Lugha ya Mafundi

Juzi nilipewa somo ambalo sikulipata katika miaka yote niliyokaa chuoni. Sili ya mbele ya injini ya gari langu kuukuu ilikuwa ikivujisha mafuta, nikakata shauri kuibadilisha mwenyewe nyumbani. Ili kuifikia, sharti puli iondolewe, na puli hushikiliwa na bolti moja tu iliyokazwa barabara. Bolti hiyo ilinishinda. Kila nilipoisukuma spana, injini nayo ilizunguka.

Nilikwenda Kawangware, kwenye gereji iliyo kando ya Barabara ya Naivasha, nikamweleza fundi kwamba bolti ya fitokombo imekataa kufunguka. Alinitazama kwa huruma. "Mwalimu, unasema krenki?" Vijana wake wakaangua kicheko, nami sikuwa na budi kucheka nao.

Fundi alikuja na mwenzake wa Kibera aliyebeba bomba la chuma la urefu wa mita moja hivi. Kwanza aliidondoshea bolti mafuta akasema, "Tuiache ilale." Kesho yake, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yote, alitia gia ya tano na kumwamuru kijana akanyage breki ili injini isizunguke. Alichagua soketi ya pande sita, kwa sababu ile ya pande kumi na mbili huweza kula kichwa cha bolti. Kijana mmoja alipendekeza stata iwashwe ili injini ijifungulie bolti yenyewe. Fundi alimkemea: chuma kikichomoka kitamvunja mtu mkono. Akalivika bomba kwenye mkono wa spana, wakaliegemea wawili. Ukasikika mlio mkali, bolti ikalegea.

Mwalimu wa fizikia ameshaitambua kanuni ya wenzo: nguvu ile ile, ikitumiwa umbali wa mita 1 badala ya sentimita 30, huzungusha kwa uwezo unaozidi mara tatu. Fundi aliwaeleza vijana wake hayo yote kwa Kiswahili bila kukwama. Lakini mwanafunzi wa shule ya upili akiyaeleza hivyo katika mtihani wa fizikia, hapati alama, kwa kuwa somo hilo hutahiniwa kwa Kiingereza. Hali ni hiyo ingawa Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Watakaonipinga watasema kwamba vitabu vya magari haviandikwi kwa Kiswahili. Ni kweli, na hapo ndipo penye hatari. Tulipokuwa tukirudisha puli, nilimuuliza fundi bolti ikazwe kiasi gani. Alijibu, "Mpaka ikatae." Kiasi kamili kilikuwa kimeandikwa katika kitabu changu cha Kiingereza, ambacho yeye hakuwahi kukisoma. Bolti hiyo ikilegea njiani, puli huanza kucheza na kula ncha ya krenki. Mkanda wa taimingi ukipoteza mpangilio, katika injini nyingi valvu hugongana na pistoni. Mwenye gari hubaki na chuma chakavu, na fundi hupoteza jina lake. Mimi nilikuwa na maandishi lakini sikuwa na mkono; yeye alikuwa na mkono lakini maandishi hayakumfikia.

Silaumu neno fitokombo. Limeundwa vizuri. Kosa letu wasomi ni kuunda istilahi mezani bila kuwauliza wanaoshika spana. Kiswahili hakijapata kuona haya kukopa wala kuhamisha maana: parafujo ilitoka kwa Wareno, spana ikatoka kwa Waingereza, nao usukani ulitoka jahazini ukaingia garini. Waliofanya kazi hiyo ni watu wa kazi, si kamati.

Nawasihi walimu wa Kiswahili wawapeleke wanafunzi kwenye gereji za Kibera na Kawangware wakiwa na daftari. Waorodheshe maneno, wayalinganishe na kamusi, kisha waandike kwa Kiswahili chepesi maelezo ambayo fundi anaweza kuyabandika ukutani, vipimo vya kukaza bolti vikiwemo. Hapo ndipo tutajua kama fitokombo itaishi au krenki itatawala. Vyovyote itakavyokuwa, fundi atakuwa amepata kitabu, na mwanafunzi atakuwa amejua kwamba elimu haikai darasani peke yake.